Viwanja vya ndege bora na vibovu: nani anapima, na mfanyabiashara azisome vipi orodha hizo?

Kila mwaka hutangazwa majina ya viwanja vya ndege vinavyosemekana kuwa bora kuliko vyote duniani, na mara kwa mara hutajwa pia vile vinavyodaiwa kuwa vibovu kupindukia. Singapore na Doha zimekuwa zikipokezana nafasi ya kwanza, huku baadhi ya miji ya Afrika na Asia ikitajwa mkiani. Kwa mtalii hiyo ni habari ya kupendeza. Lakini kwa mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou, Dubai au Istanbul kufuata bidhaa, na kwa msafirishaji anayesubiri mzigo ushuke aupakie kwenye lori, swali ni jingine: je, orodha hizo zinapima kile kinachomgharimu fedha?

Jibu fupi ni kwamba zinapima sehemu tu. Nyingi hueleza hali ya abiria anayesubiri ndege akiwa na begi la mkononi, muda wa kutosha na fedha ya kununua kahawa. Mtu mwenye mabegi matatu ya nguo, ndege ya kuunganisha na wateja wanaosubiri nyumbani ana hesabu tofauti. Makala hii inaeleza orodha hizo hutoka wapi, kwa nini uwanja uleule husifiwa na huyu na kulaaniwa na yule, na vipimo gani vinamfaa anayesafiri kibiashara.

Orodha hutoka wapi

Orodha inayonukuliwa zaidi ni ya kampuni ya Skytrax yenye makao yake London, Uingereza, ambayo imekuwa ikitoa tuzo za viwanja vya ndege tangu mwaka 1999 kwa kuwahoji abiria. Uwanja wa Changi wa Singapore ulishika nafasi ya kwanza miaka minane mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2020. Uwanja wa Hamad wa Doha, uliofunguliwa mwaka 2014, uliupokonya nafasi hiyo mwaka 2021, ukaishika tena 2022 na 2024. Changi ilirudi kileleni mwaka 2023 na 2025. Kwa upande wa Afrika, uwanja wa Cape Town umekuwa ukitangazwa wa kwanza barani kwa miaka mingi.

Kipimo cha pili ni cha Baraza la Kimataifa la Viwanja vya Ndege, linalojulikana kwa kifupi kama ACI. Mpango wake wa kupima ubora wa huduma ulianza mwaka 2006. Hapa abiria huulizwa siku ileile ya safari, akiwa bado ndani ya uwanja, kabla hajasahau foleni aliyosimama. Hata hivyo, uwanja hushiriki kwa kujiunga na mpango huo. Uwanja usiojiunga hauwezi kutajwa kuwa bora wala mbovu, hata kama unahudumia watu vizuri.

Kipimo cha tatu kilianza mwaka 1996 kama mwongozo wa watu wanaolala viwanjani wakisubiri ndege ya asubuhi. Hao huangalia kama viti vina mikono inayomzuia mtu kujinyoosha, kama vyoo ni visafi, na kama kuna maji, umeme wa simu na usalama usiku. Majina mengi ya viwanja "vibovu kuliko vyote" yaliyosambaa magazetini yalitoka kwa wasafiri hao. Jengo la kwanza la abiria la Manila, Ufilipino, lilitajwa hivyo mwaka 2011, 2012 na 2013. Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya Islamabad, Pakistan, na mwaka 2015 ya Port Harcourt, Nigeria. Mwaka 2017 jina lilikuwa Juba, Sudan Kusini, mji unaofahamika vizuri kwa wafanyabiashara wa Kenya na Uganda.

Ni wazi kwamba vipimo hivi vitatu haviulizi jambo moja. Anayelala uwanjani hajali kama forodha inafanya kazi haraka, na anayepiga kura baada ya kupumzika kwenye ukumbi wa daraja la kwanza hajui foleni ya daraja la kawaida ina urefu gani.

Sifa huzeeka haraka

Tatizo jingine ni kwamba sifa, nzuri au mbaya, hudumu midomoni kuliko hali yenyewe inavyodumu uwanjani.

Juba ilipotajwa mwaka 2017, abiria walikuwa wakihudumiwa ndani ya mahema. Mwaka uliofuata, 2018, jengo jipya la abiria lilifunguliwa. Port Harcourt nayo ilipata jengo jipya la safari za kimataifa mwaka 2018. Islamabad ilihamishia ndege za abiria kwenye uwanja mpya kabisa mwezi Mei 2018. Manila ilikabidhiwa kwa kundi la kampuni binafsi mwezi Septemba 2024. Anayekwepa miji hiyo kwa sababu ya orodha ya zamani anakwepa uwanja ambao haupo tena kama ulivyosimuliwa.

Hali ni hiyo hiyo Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi wasafiri wa Dar es Salaam walilalamikia joto na msongamano katika jengo la pili la abiria lililojengwa miaka ya 1980. Agosti 2019 jengo la tatu lilifunguliwa, likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, Addis Ababa ilizindua upanuzi wa uwanja wa Bole ulioupa uwezo wa kuhudumia abiria wapatao milioni 22 kwa mwaka. Maoni juu ya viwanja hivyo yaliyoandikwa kabla ya 2019 yana thamani ndogo leo.

Nairobi ni mfano wa upande wa pili. Majengo ya uwanja wa Jomo Kenyatta yaliyofunguliwa mwaka 1978 yaliufanya kuwa mlango mkuu wa kanda. Agosti 7, 2013 moto uliteketeza ukumbi wa kupokea abiria wa kimataifa, na kwa muda wageni wakapokelewa kwenye mahema. Agosti 2023 umeme ulikatika nchi nzima na sehemu ya uwanja ikabaki gizani. Septemba 11, 2024 wafanyakazi waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani ya India, safari zikavurugika. Mpango huo ulifutwa na serikali ya Kenya Novemba mwaka huohuo. Aliyepita Nairobi siku ya mgomo na aliyepita wiki moja baadaye wote wanasema kweli, ila wanazungumzia siku mbili tofauti.

Lawama moja, wahusika wengi

Abiria anayesema "uwanja ule ni mbovu" kwa kawaida anajumlisha kazi za taasisi tano au zaidi. Ni vyema kuzitenganisha, kwa sababu malalamiko yanayopelekwa mlango usio wake hayarudishi fedha.

Jengo, vyoo, taa, viti na mikanda ya mizigo viko chini ya mwendeshaji wa uwanja. Tanzania Bara ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TAA. Kenya ni KAA. Na Uganda ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA. Foleni ya kugonga pasipoti ni ya Idara ya Uhamiaji. Ukaguzi na ushuru wa bidhaa ni kazi ya mamlaka ya mapato: TRA Tanzania, KRA Kenya, URA Uganda na OBR Burundi. Kupima begi, kulipakia na kulifikisha ni wajibu wa shirika la ndege lililouza tiketi, hata pale linapoiajiri kampuni nyingine kufanya kazi hiyo uwanjani. Kadi za chanjo hukaguliwa na maofisa wa afya.

Kwa hiyo begi lisipofika, mwendeshaji wa uwanja si wa kwanza kulaumiwa. Mara nyingine sababu ni mahali uwanja ulipo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Addis Ababa zaidi ya mita 2,300. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, na jua likiwa kali huzidi kuwa nyepesi, hivyo ndege inayokwenda mbali inaweza kulazimika kuondoka na uzito mdogo kuliko ambao ingebeba kutoka uwanja wa pwani kama Dar es Salaam. Uzito ukipunguzwa, shehena na mabegi ya ziada ndiyo ya kwanza kubaki yafuate na ndege inayofuata. Abiria aliyelipia kilo za ziada huona ameonewa, kumbe rubani amefuata hesabu za usalama.

Ukubwa nao si kinga. Dubai ilihudumia abiria milioni 92.3 mwaka 2024, na hakuna uwanja mwingine uliohudumia abiria wengi wa kimataifa kama huo mwaka huo. Hata hivyo, mvua kubwa ya Aprili 16, 2024 ilifurika njia za ndege, maelfu ya abiria wakakwama na mabegi yakarundikana kwa siku kadhaa. Uwanja wenye ndege nyingi hukufikisha popote siku njema, lakini siku mbaya foleni yake nayo huwa ndefu.

Vipimo vinavyomfaa mfanyabiashara

Badala ya kuuliza uwanja upi una maduka mazuri au bustani ya vipepeo, anayesafiri kibiashara anashauriwa kuangalia mambo manne.

La kwanza ni muda wa kuunganisha ndege. Kila uwanja una muda wa chini unaokubaliwa kati ya ndege moja na nyingine, na mashirika huuza tiketi kwa kufuata muda huo. Lakini muda wa chini humtosha mtu ambaye ndege yake haikuchelewa. Mwenye mzigo anahitaji muda wa ziada, kwa sababu yeye anaweza kukimbia hadi mlango wa ndege ya pili, ila begi lake haliwezi kukimbia naye. Dar es Salaam, kwa mfano, jengo la tatu na la pili yametengana, na abiria anayetoka nje ya nchi kwenda Mwanza au Mbeya anapaswa kuhesabu uhamiaji, forodha na safari ya gari kati ya majengo.

La pili ni tiketi moja au mbili. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tuseme mwenye duka la viatu Kariakoo amekata tiketi ya Dar es Salaam hadi Dubai kwa shirika moja, na ya Dubai hadi Guangzhou kwa shirika jingine, kwa sababu jumla imepungua dola 150. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halidaiwi kitu. Litamhesabu kuwa hakutokea, na huenda likafuta hata tiketi yake ya kurudi. Zaidi ya hayo, ili achukue begi na kulipima upya, huenda akahitaji viza ya kuingia katika nchi aliyokusudia kupita tu. Angekuwa na tiketi moja, shirika lililomchelewesha ndilo lingewajibika kumtafutia ndege nyingine. Kama mzigo huo ni viatu vya shule na ukafika baada ya shule kufunguliwa Januari, zile dola 150 zilizookolewa zimezaa hasara ya msimu mzima. Hapo uwanja wa Dubai utapewa jina baya, wakati kosa lilianzia kwa wakala wa tiketi.

La tatu ni saa ya kutua. Ndege za bei nafuu nyingi hutua usiku wa manane. Anayerudi na bidhaa za kuuza anahitaji ofisa wa forodha wa kuzikadiria, njia ya kulipa ushuru na gari salama la kumtoa uwanjani. Ikumbukwe kwamba msamaha wa ushuru anaopewa abiria ni wa vitu vyake binafsi, si wa bidhaa za biashara. Madazeni ya suruali za aina moja ndani ya begi hayawezi kuitwa nguo za kuvaa, na kubishana saa nane za usiku hakujawahi kupunguza kodi. Mwenye ankara halali mkononi hutoka mapema kuliko mwenye maneno mengi.

La nne linawahusu zaidi wasafirishaji, nalo ni upande wa mizigo. Uwanja unaosifiwa kwa ukumbi wa abiria unaweza kuwa na ghala finyu, na uwanja wenye ukumbi uliochoka unaweza kuwa hodari wa shehena. Nairobi ni ushahidi: wakati abiria wanalalamikia ukumbi, maua na mboga za Kenya hupita hapo kwenda Ulaya yakiwa yamehifadhiwa kwenye vyumba baridi. Mambo ya kuulizia ni siku ngapi mzigo hukaa ghalani kabla ya kuanza kutozwa gharama ya kuhifadhi, kama ofisi za forodha za mizigo hufunguliwa mwishoni mwa juma, na kama lori linaruhusiwa kuingia mchana. Mzigo ulioshuka Nairobi ukielekea Kampala au Kigali kwa barabara husafiri chini ya mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena kwa kifaa cha elektroniki, uliozinduliwa mwaka 2017 na Kenya, Uganda na Rwanda. Karatasi zikitumwa kwa wakala kabla ndege haijatua, lori halilazimiki kulala nje ya lango.

Ubaya mwingine abiria huja nao

Baadhi ya visa vinavyoharibu sifa ya uwanja huanzia nyumbani kwa msafiri. Vitatu hujirudia sana.

Kadi ya homa ya manjano: tangu Julai 2016 cheti cha chanjo hiyo hudumu maisha yote ya mwenye nacho, kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani. Asikubali kurubuniwa alipie cheti kipya kwa madai kwamba miaka kumi imepita. Asiye na cheti kabisa ndiye mwenye kosa.

Fedha taslimu: nchini Kenya na Tanzania anayevuka mpaka akiwa na dola 10,000 za Marekani au zaidi, au kiasi kama hicho kwa fedha nyingine, anatakiwa kutoa taarifa. Kubeba si kosa. Kuficha ndilo kosa, na fedha zinaweza kuzuiwa.

Mifuko ya plastiki: Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Anayefungasha bidhaa kwa mifuko hiyo ugenini ajiandae kuiacha kwenye lango la kuingilia nchini.

Mzigo ukipotea

Nyota za tuzo hazilipi begi lililopotea. Kinacholipa ni sheria, na ile inayotawala safari nyingi za kimataifa ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama. Tangu Desemba 28, 2024 kikomo cha fidia ya mabegi ni 1,519 kwa kila abiria, kwa kipimo cha fedha cha SDR kinachotumiwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Hiyo ni takriban dola 2,000 za Marekani, hata kama mabegi yalikuwa manne. Kwa shehena iliyosafirishwa kwa hati ya mzigo, kikomo ni SDR 26 kwa kila kilo.

Maana yake ni kwamba simu za mkononi au vipuri vya thamani kubwa havifai kutumwa ndani ya begi la kawaida. Ama mwenye mali atangaze thamani yake kabla ya safari na kulipia nyongeza, ama akate bima.

Muda wa kulalamika nao ni mfupi. Begi lililoharibika lilalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7, shehena iliyoharibika ndani ya siku 14, na mzigo uliochelewa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Haki ya kwenda mahakamani hufa baada ya miaka miwili. Taarifa ijazwe kwenye ofisi ya shirika la ndege kabla ya kutoka uwanjani, na kibandiko cha begi kitunzwe pamoja na pasi ya kupandia ndege na ankara za manunuzi.

Namna ya kusoma maoni ya wengine

Kuuliza si ujinga, na maoni ya wasafiri wenzako bado yana faida kubwa iwapo yatachujwa kwa maswali matatu. Alipita lini, kabla au baada ya jengo jipya? Alikuwa anaingia, anatoka au anaunganisha ndege? Alikuwa na mzigo gani na tiketi ya namna gani? Sifa ya mtalii aliyepita Doha na begi la mgongoni haimsaidii sana mwenye kilo 90 za vitenge. Neno la mfanyabiashara wa Eastleigh, Kikuubo au Kariakoo aliyepita njia hiyo mwezi uliopita lina uzito zaidi.

Na orodha iliyo bora kuliko zote ni ile ambayo mfanyabiashara hujiandikia mwenyewe. Daftari dogo linatosha: saa ndege ilipogusa ardhi, saa pasipoti ilipogongwa, saa begi la mwisho lilipotokea kwenye mkanda, saa ya kutoka forodhani, na fedha zilizotumika njiani pamoja na zile zisizo na risiti. Baada ya safari tatu kwa njia mbili tofauti, tarakimu hizo zitaonyesha uwanja upi unakula faida na upi unailinda. Tofauti ya dola 50 kwenye tiketi itaonekana ndogo au kubwa kulingana na kilichoandikwa humo, na hakuna ofisi ya London inayoweza kumpa mtu jibu hilo.